Reli ya Musongati inakuja: nani atakuwa jirani wa stesheni?



Leo naomba tuongelee reli. Najua mtu wa Kibondo atasema, "Reli inanihusu nini wakati mie napanda basi?" Subiri kidogo ndugu yangu, tutakufikia.

Januari 2025 Tanzania na Burundi zilisaini mkataba na makampuni ya Kichina wa kujenga reli ya kisasa ya umeme kutoka Uvinza mpaka Musongati, ndani ya Burundi. Kilomita 282, gharama kama dola bilioni 2.15. Kabla ya hapo, Desemba 2022, kilisainiwa kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506. Weka vipande hivyo viwili kwenye ramani uone. Mkoa wetu umekuwa mwisho wa reli kwa zaidi ya miaka 100, sasa unageuzwa kuwa njia panda.

Musongati kuna nikeli. Kwa hiyo tuelewane mapema: hii reli haikubuniwa kwa ajili ya mama anayepeleka maharage sokoni. Imebuniwa kwa mzigo mzito ufike bandari ya Dar. Abiria ni nyongeza. Ila nyongeza hiyo ndo sehemu pekee ambayo wewe na mimi tunaweza kuishika mkononi, na inashikwa sehemu moja tu: stesheni. Swali langu ni dogo. Stesheni zikishachorwa, nani atakuwa na kiwanja mita 300 kutoka mlangoni?

Usicheke. Kuna nchi imejenga miji mizima kwa swali hilo.

Wengi tukisikia treni za Japani tunawaza ile treni ya risasi. Hiyo ni ya safari ndefu. Mjapani wa kawaida anayefanya kazi Osaka au Tokyo maisha yake yako kwenye stesheni ndogo ya pembezoni mwa mji, anapopandia treni kila asubuhi. Ukishuka pale jioni unakutana na kila kitu: supamaketi, duka la dawa, duka la vitabu, masomo ya ziada ya watoto, mabasi yamepanga foleni mbele ya mlango, na sehemu ya kuegesha baiskeli kwa mamia. Anashuka, ananunua mboga, anachukua baiskeli yake, dakika kumi yuko nyumbani. Treni ikichelewa, stesheni inampa karatasi maalum akamwoneshe bosi kwamba kosa si lake. (Hebu fikiria karatasi hiyo ingetolewa na mabasi yetu. Wangemaliza miti yote ya hifadhi ya Moyowosi.)

Sasa tusije tukadhani ni uchawi au ni kwamba wenzetu wana reli pana. Treni za mjini Tokyo za kampuni ya JR, zikiwemo zinazopita Shinjuku, stesheni inayopitisha mamilioni ya watu kwa siku, zinatembea kwenye reli yenye upana wa milimita 1,067. Kwa taarifa yako, huo ndo upana wa TAZARA. Reli yetu ya kati ya zamani ni milimita 1,000, tofauti ya vidole vinne tu. Kwa hiyo mtu akikwambia usafiri wa treni mjini ulitushinda kwa sababu reli ni nyembamba, mwambie akatafute sababu nyingine.

Siri iko kwenye ardhi. Mwaka 1910 kampuni moja ya reli, ambayo leo inaitwa Hankyu, ilifungua njia kutoka Osaka kwenda Takarazuka. Wakati huo njia ile ilipita zaidi kwenye mashamba na vijiji. Abiria watatoka wapi? Mkuu wa kampuni, Kobayashi Ichizo, alikuwa ameshanunua ardhi kandokando ya njia. Akajenga nyumba pale Ikeda, akawauzia wafanyakazi wa mjini kwa kulipa kidogo kidogo kwa miaka kumi. Wakihamia, wanakuwa abiria wa kila siku. Halafu akagundua treni inajaa asubuhi ikienda mjini, inarudi tupu. Kule mwisho wa njia, Takarazuka, akaanzisha kundi la maonyesho la wasichana, likaanza kuonyesha mwaka 1914, watu wakaanza kusafiri upande wa pili. Mwaka 1929 akafungua duka kubwa la ghorofa palepale stesheni ya Osaka. Ukishuka unaingia dukani. Nauli peke yake isingelipa reli ile. Kilicholipa ni nyumba, duka na tiketi za maonyesho.

Naweka mfano huo mbele kwa sababu ukishaujua, unaanza kuona kwa nini mambo fulani ya kwetu yalikwama.

Twende Dar. Tarehe 29 Oktoba 2012 zilianza treni za abiria wa mjini, ile "treni ya Mwakyembe" tuliyoibatiza jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, Dk. Harrison Mwakyembe. Njia mbili: moja ya TRL kutoka Stesheni mjini mpaka Ubungo Maziwa, nyingine ya TAZARA kwenda Mwakanga. Nauli upande wa Ubungo ilikuwa shilingi 400 kwa mtu mzima na 100 kwa mwanafunzi. Watu walijaa! Aliyewahi kukaa saa mbili kwenye foleni ya Tabata alijua thamani ya ile treni. Baadaye ikaongezwa na ya Pugu. Mimi sitaki kuikejeli, ilikuwa kazi nzuri iliyofanywa haraka kwa mabehewa yaliyokuwepo.

Lakini tazama stesheni zake. Sehemu nyingi ilikuwa kibanda, jukwaa la kushukia, na baada ya hapo vumbi. Treni zilitembea asubuhi na jioni tu, mchana hakuna, maana reli yenyewe ni moja na inagombaniwa na treni za mizigo na za bara. Ukishuka, daladala ya kukupeleka kwako iko barabara kuu, utembee. Kuzunguka stesheni hakukujengwa kitu ambacho shirika linapata kodi yake. Shirika likabaki na shilingi 400 za abiria dhidi ya dizeli, mabehewa chakavu na mishahara. Piga hesabu mwenyewe.

Halafu likaja lingine ambalo sisi wa Kigoma tunalijua kwa miguu yetu. Zamani basi la kutoka Kasulu lilikuwa linakutua stendi ya Ubungo. Stesheni ya Ubungo Maziwa haikuwa mbali, kwa hiyo mtu wa bara angeweza, kinadharia, kushuka basi na kupanda treni ya mjini. Februari 2021 ikazinduliwa stendi mpya ya Magufuli kule Mbezi Luis, mabasi ya mikoani yakahamia huko. Pale ilipokuwa stendi ya Ubungo sasa kuna kituo kikubwa cha biashara. Mbezi Luis hakuna reli. Na SGR nayo imeanzia Stesheni mjini, ikatokea Pugu, upande mwingine kabisa wa jiji. Yaani jiji moja, stendi kuu ya mabasi huku, reli mpya kule, na katikati wewe na begi lako na kuku wa shangazi, unatafuta daladala. Kila mradi ukiutazama peke yake ni mzuri. Ukitaka kuunganisha safari yako ndo unagundua hakuna aliyewaza miguu yako.

Nairobi nao walifungua ya kwao mwaka huohuo, wiki mbili tu baada ya Dar. Tarehe 13 Novemba 2012 Rais Mwai Kibaki alizindua stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya jiji, kwa ajili ya wafanyakazi wanaokwenda mjini asubuhi. Wao waliweka kitu ambacho sisi hatukuweka: uwanja wa kuegesha magari. Unaacha gari, unapanda treni. Na SGR ya Mombasa ilipoanza mwaka 2017, stesheni yake ya Nairobi ikajengwa hukohuko Syokimau, ikawekwa treni ya kuwaunganisha abiria na katikati ya jiji. Hilo nawapa.

Ila Syokimau ina habari nyingine. Novemba 2011, mwaka mmoja kabla ya stesheni kufunguliwa, matingatinga yaliingia kwenye mtaa mmoja wa Syokimau yakabomoa nyumba za watu kwa madai kwamba ardhi ile ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ya Kenya. Wakazi wengi walikuwa wamenunua, wamejenga, wengine nyumba za maana kabisa, na karatasi mkononi wanazo. Sisemi reli ndo iliwabomolea, hapana. Ninachosema ni kwamba sehemu inapoanza kupanda thamani, kila karatasi ya zamani inatolewa kabatini, na mwenye karatasi dhaifu ndo anayelala nje.

Rudi nyumbani sasa. SGR ya Dar mpaka Morogoro ilianza kubeba abiria Juni 2024, Dodoma Julai 2024. Nauli ya treni ya kawaida ilianza kwa shilingi 13,000 mpaka Morogoro na 31,000 mpaka Dodoma. Treni ni nzuri, tuseme kweli. Lakini stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si mjini. Kuna sababu za kihandisi: treni ya kasi haitaki kona za mjini. Sawa. Ila ndo maana nasema kwetu pia msitegemee stesheni itafuata mji ulipo. Mji ndo utakaofuata stesheni, na watakaofika kwanza ni wale waliojua mapema.

Wazee wetu waliliona hili. Reli ya Wajerumani ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Ilipita kusini kwetu, Uvinza, Kazuramimba, ikateremka ziwani. Kasulu na Kibondo zikabaki juu huku milimani bila reli. Wakati wa Mwingereza eneo letu likafanywa ghala la vibarua. Ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, SILABU, ilikuwa inakuja kuchukua vijana wa Kiha, wanateremshwa, wanapakiwa kwenye treni kwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Manamba. Muulize babu, au mtoto wa babu. Reli ilikuwepo, na ilitutumikia kwa kututoa tu. Yule aliyekuwa na duka karibu na stesheni Kigoma mjini, huyo ndo aliyebaki na kitu.

Safari hii reli ya kutoka Uvinza kwenda mpaka wa Burundi haina ujanja, lazima ikate ardhi ya mkoa wetu. Kwa hiyo kuna mambo mawili yatakayotokea kwenye vijiji vya njia ile. La kwanza ni fidia. Hapa sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za 1999, zinasema fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Si bei ya migomba tu. Kuna thamani ya ardhi na ulichokiendeleza, posho ya usumbufu, ya usafirishaji, ya makazi, na faida uliyopoteza kama una biashara. Sheria ya uthamini ya 2016 inasema pia kwamba uthamini usipolipwa ndani ya miaka miwili unakufa, unafanyika upya. Chapisha sehemu hiyo ukampe mwenyekiti wa kijiji, shilingi mia mbili za kuchapisha hazikuui.

Na jamani, kuhusu fomu. Siku mthamini anapopita, jina linaloandikwa ni la aliyepo na anayejulikana. Kijana uko Kahama unachimba, shamba ulilopewa na baba halina hata barua ya kijiji, jina lako halipo. Mjane anaandikiwa shemeji. Mwenye hati ya haki miliki ya kimila ana pa kusimamia, asiye nayo anaanza kutafuta mashahidi. Hii kazi ifanywe kabla mthamini hajafika, akishafika mmechelewa.

Fidia ndo wengi watakayoipigania, na wako sahihi. Ila nataka tubishane kidogo kwenye jambo la pili, ambalo naliona kubwa zaidi. Fidia inakulipa ili uondoke. Unachukua hela, unanunua pikipiki, unahamia mbali na reli. Miaka mitano baadaye pale palipokuwa na muhogo wako kuna fremu za maduka, gesti, kituo cha mafuta. Mwenye fremu alinunua kwa jirani yako kwa bei ya shamba, ardhi iliyo nje kidogo ya hifadhi ya reli, ambayo serikali wala haikuihitaji. Huyo hakudhulumu mtu. Alikuwa na ramani tu, nyie hamkuwa nayo.

Wajapani wana utaratibu kwa ajili ya hali hiyohiyo. Kusini magharibi mwa Tokyo kuna njia inaitwa Den-en-toshi, kipande chake cha kwenda Nagatsuta kilifunguliwa 1966. Ilikuwa vilima na mashamba ya wakulima wadogo. Kampuni ya reli na wakulima wakaunda vyama vya kuunganisha mashamba na kuyagawa upya. Tuseme wewe una eka kumi. Zote zinaingia kwenye mpango, pamoja na za wenzako. Inachorwa mitaa, barabara, shule, stesheni. Unarudishiwa sita au saba (natoa mfano tu, si hesabu yao). Umepungukiwa ardhi, lakini ulichobakiwa nacho kiko kwenye mtaa uliopimwa, kina barabara na kiko karibu na treni, kwa hiyo thamani yake imepita ya zile kumi za mwanzo. Sehemu iliyokatwa inauzwa kugharamia barabara na mifereji. Mkulima hakuondoka. Amekuwa mwenye nyumba za kupangisha mbele ya stesheni.

Mtasema hayo ni ya Japani, huku kwetu haiwezekani. Kwa nini? Urasimishaji wa makazi tunaujua: wananchi wenyewe wanakubali kuachia njia, wanachangia upimaji, wanapata hati. Sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga ardhi yake, na mkutano mkuu wa kijiji ndo unaopitisha. Halmashauri ya wilaya ina maafisa mipango miji. Vipande vyote vipo. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama kwenye mkutano na kusema: kabla dalali hajaja, tupime eneo la kuzunguka stesheni, kila mwenye shamba abaki na viwanja vyake, halmashauri ipate stendi na soko, na shirika la reli lipate fremu zake za kukodisha ili lisitegemee nauli peke yake. Nani anapoteza hapo? Dalali.

Tatizo ninaloliona, na nalisema wazi, ni kwamba mpango huu unahitaji watu wajue stesheni itakaa wapi mapema, wote kwa wakati mmoja. Ikijulikana ofisini tu, basi watakaopima ni watu wa ofisini na shemeji zao. Kwa hiyo dai la kwanza liwe ramani, ibandikwe kwenye ofisi ya kijiji na ofisi ya kata, si kwenye semina ya hotelini Kigoma mjini. Diwani akija, usimuulize reli inaanza lini. Muulize stesheni ya karibu inakaa kitongoji gani, stendi ya mabasi itakuwa upande gani wa reli, na kama kuna njia ya kuvuka kwa miguu ambayo haimlazimishi mama na mzigo wake kuzunguka kilomita mbili.

Sasa mtu wa Kibondo, nilikuahidi. Reli hii haiji kwako. Kibondo mpaka Kasulu peke yake ni zaidi ya kilomita mia moja. Wewe faida yako yote iko kwenye barabara ya kukufikisha stesheni, na kwenye swali moja: basi la Kibondo litaruhusiwa kuingia mpaka mlangoni mwa stesheni, au litaishia stendi ya mji halafu upande bodaboda na gunia la maharage? Mmeona ya Mbezi Luis. Kama stendi na stesheni zitapangwa na ofisi mbili zisizoongea, maharage yako, mihogo yako na tangawizi ya Buhigwe vitaendelea kuondoka kwa lori la mtu wa Kahama, kwa bei ya mtu wa Kahama, na treni utaisikia honi tu. Kwa hiyo madiwani wa Kibondo nao wana haki ya kukaa kwenye kikao cha stesheni ambayo haiko kwao. Na Kakonko pia.

Kuna watakaosema tusubiri kwanza, miradi ya nchi hii huchelewa. Inawezekana ikachelewa. Lakini kiwanja hakisubiri treni. Dar bei zilipanda pembeni ya barabara ya mwendokasi kabla basi la kwanza halijatembea mwaka 2016.

Sasa nawasikiliza. Mlioko vijiji vya kati ya Uvinza na mpakani: kuna watu wa kupima waliofika? Waliweka vigingi wapi? Kuna dalali ameshaanza kuulizia mashamba, na anatoa bei gani kwa eka? Andikeni hapo chini, jina la kijiji linatosha, jina la mtu msiweke.